Nililala kwenye gari nicheze Bethpage Black: uwanja wa umma ulio katikati ya msitu (uzi mrefu)

Kedi_wa_Zamani (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Septemba 2025 wengi wenu mliiona Bethpage kwenye televisheni, Ulaya wakiifunga Marekani 15 kwa 13 kwenye Ryder Cup, yale mashindano ya gofu ya timu ya Ulaya na ya Marekani. Mlichoona ni majukwaa, maelfu ya watu wakipiga kelele, na matusi aliyorushiwa Rory McIlroy, mchezaji wa Ulaya. Tangu siku ile nasoma humu watu wakiandika kwamba kumbe ule ni uwanja wa wahuni. Imeniuma. Mimi ule uwanja nimeucheza ukiwa kimya, asubuhi ya Juni, umande ukiwa bado kwenye majani, na sijawahi kushika fimbo mahali ninapopapenda kama pale. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Kwanza mjue ni kitu gani. Bethpage ni bustani ya umma ya Jimbo la New York, iko Farmingdale, Long Island. Humo ndani, kwenye vilima vya mialoni na misonobari, kuna viwanja 5 vya gofu, kila kimoja mashimo 18, vimepewa majina ya rangi: Black, Red, Blue, Green na Yellow. Black ndio huo wa Ryder Cup. Mwenye mali ni jimbo. Hakuna uanachama, hakuna kuletwa na mtu, hakuna kamati ya kukukagua umevaa nini na baba yako ni nani. Unalipa, unacheza. Mwaka 2024, kwa leseni yangu ya udereva ya New York, sikufikisha dola 100. Mgeni wa nje ya jimbo hulipa mara mbili au zaidi.

Mimi nilikua nikibeba mabegi. Tangu darasa la sita nilikuwa kedi, yaani mbeba fimbo za wachezaji, kwenye klabu moja ya kaskazini mwa Tanzania, jina nitalihifadhi. Makedi tuliruhusiwa kucheza Jumatatu tu, wanachama wakiwa hawapo, watu wanne tukipokezana fimbo mbili. Siku nyingine ukikutwa unapiga mpira, unasimamishwa kazi. Mimi nilisimamishwa wiki mbili kwa mpira mmoja nilioupiga saa kumi na mbili jioni, uwanja mzima ukiwa mtupu. Leo nina miaka 41 na uso wa yule bwana bado ninao kichwani.

Sasa naendesha basi la shule hapa New York. Siku niliyosikia kwamba uwanja ambao Tiger Woods alishinda US Open ya 2002, mashindano makubwa ya gofu ya Marekani, ni wa umma, na dereva kama mimi anaweza kuucheza, nilimuuliza aliyeniambia mara tatu kama ana hakika.

Nitaendelea chini, nakula kwanza.

---

Binti_Usa_River

Tunasubiri kaka. Kulala kwenye gari kumeingiaje hapo?

---

Kedi_wa_Zamani

Dada, nafasi za Black zinawekwa mtandaoni na zinaisha kwa dakika chache. Mkazi wa jimbo anafunguliwa mapema kuliko mgeni, lakini hata hivyo ni kugombania. Kuna njia nyingine ya zamani: sehemu ya nafasi za alfajiri huachiwa watakaofika wenyewe. Basi watu wanakuja tangu jioni na kupanga magari kwenye maegesho yenye namba. Namba ya sehemu uliyoegesha ndiyo foleni yako. Unalala humo humo. Kabla hakujapambazuka mfanyakazi wa bustani anapita gari kwa gari akigawa tiketi.

Nilifika Ijumaa saa kumi na moja jioni, nikapata namba 7. Namba 6 alikuwa mzee fundi bomba wa Queens na wanawe wawili. Namba 8 vijana wa Kikorea wametoka Pennsylvania, saa tatu za barabara. Yule mzee alikuwa na jiko dogo la gesi, akakaanga soseji, akanipa mbili kwenye mkate bila kuniuliza jina. Mimi nilikuwa na chapati na chai ya tangawizi kwenye chupa, nikamimina vikombe vinne. Tukakaa kwenye viti vya kukunja mpaka giza likaingia, hakuna aliyezungumzia kazi yake. Mazungumzo yalikuwa shimo la 4, shimo la 15, na upepo wa kesho utatoka wapi.

Usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu. Nilikunja kiti cha nyuma nikajilaza na begi la fimbo pembeni yangu kama mtoto. Mvua ndogo ilipita saa nane usiku. Ilipogonga saa kumi na nusu alfajiri, tochi ikamulika kioo changu, nikapewa tiketi. Nafasi yangu ilikuwa ya tatu asubuhi ile. Nilimtumia mama ujumbe Moshi, kule ilikuwa tayari karibu saa sita mchana. Akajibu: "Gofu ile ile?" Nikamwambia ndiyo mama, ile ile.

---

Mkongwe_Lugalo

Kijana, hongera. Nimecheza gofu tangu miaka ya themanini, na habari ya viwanja vya namna hiyo nilikuwa nikiisikia tu. Hebu tueleze uwanja wenyewe ulivyo. Nani aliujenga? Na hiyo miti inaingia mchezoni au ni pambo?

---

Kedi_wa_Zamani

Shikamoo mzee.

Ulifunguliwa 1936, katikati ya ule mdororo mkubwa wa uchumi wa Marekani. Serikali ilikuwa inatoa ajira za dharura kwa watu waliokosa kazi, na nguvu kazi hiyo ndiyo iliyochonga vile vilima. Mchoraji anayetajwa ni A. W. Tillinghast, ingawa kuna wanaoshikilia kwamba msimamizi wa bustani, Joseph Burbeck, alistahili sifa kubwa zaidi. Ubishi huo bado upo. Mwishoni mwa miaka ya tisini mchoraji mwingine wa viwanja, Rees Jones, aliukarabati ili ufae US Open, na 2002 ukawa uwanja wa kwanza unaomilikiwa na umma kuandaa mashindano hayo. Tiger alimaliza mikwaju 3 chini ya pa, yaani idadi ya mikwaju inayotarajiwa. Katika wachezaji wote waliomaliza siku nne, ni yeye peke yake aliyekuwa chini ya pa. Phil Mickelson, wa pili, alimaliza sawasawa na pa.

Kuhusu miti mzee wangu: inaingia mchezoni, lakini si kama viwanja vyembamba ambapo kila mpira unagonga shina. Inasimama kama kuta za ukumbi. Ukiwa fewei (ile njia ya majani mafupi) ya shimo la 5 huwaoni wa shimo la 4, huwasikii hata. Kila shimo ni chumba chake. Ukipiga mpira vizuri, sauti inaenda mpaka kwenye mialoni na kurudi, kavu, kama mtu aliyevunja kijiti. Ukipiga vibaya sauti inarudi vile vile, na unaisikia.

Uwanja umekatwa na barabara. Unacheza shimo la 1 upande wa jengo kuu, unavuka Round Swamp Road, unacheza la 2 mpaka la 14 ng'ambo, ndani kabisa ya msitu, kisha unavuka tena kurudi kucheza manne ya mwisho. Ile ng'ambo ndiyo roho ya Bethpage. Saa tatu nzima hakuna jengo unaloliona. Kindi, ndege, na miguu yako kwenye majani makavu. Vigari haviruhusiwi Black, ni kutembea tu.

---

Pwagu_Mtwapa

Mimi niko Kenya. Ni kweli kuna bango la kutisha wageni pale mwanzoni?

---

Kedi_wa_Zamani

Lipo, limetundikwa kwenye uzio wa tii ya kwanza, pale pa kuanzia kupiga. Linaonya kwamba Black ni uwanja mgumu kupita kiasi na unapendekezwa kwa wachezaji wenye ustadi wa juu tu. Watu wanapiga nalo picha. Mimi sikupiga. Nililisoma taratibu nikiwa nimeshika draiva, ile fimbo ya pigo la kwanza, na kilichonigusa ni neno moja, "pendekeza". Halisemi "hairuhusiwi". Linakupa ushauri, halafu linakuachia mwenyewe. Mabango niliyokulia nayo hayakuwa hivyo.

Acha niwape mashimo machache, yote sitaweza.

Shimo la 4. Pa 5, yadi 517 kwenye kadi. Unasimama juu ya kilima, mbele yako bonde, halafu banka (shimo la mchanga) moja kubwa ajabu imelala kimshazari kukata njia yote, mchanga mweupe kwenye kijani, na juu yake fewei inaendelea kama ngazi ya pili. Nilishusha begi chini nikasimama tu. Mmoja wa wenzangu watatu, mwalimu wa hesabu, alikuwa ameshacheza pale mara kumi na kitu. Akaniambia, "Usiwe na haraka, kila mtu husimama hapa." Nilipiga draiva kulia kidogo, fimbo namba 5 ikavuka ile banka kwa hatua labda mbili, kisha weji (fimbo ya mapigo mafupi), na miputi miwili ya kuusukuma mpira shimoni. Pa. Kadi ile ninayo mpaka leo kwenye droo.

Shimo la 8. Pa 3 ya kushuka, kidimbwi mbele ya griini, yale majani laini yenye kishimo na bendera. Ndiyo griini pekee ya uwanja mzima iliyokingwa na maji. Sikiliza hapo: uwanja unaotisha dunia nzima, na karibu hauna maji. Ugumu wake wote ni mchanga, kilima na majani.

Na hayo majani, jamani. Rafu yake, yaani majani marefu ya pembeni, niliingia mara moja shimo la 7, mpira ulikuwa hatua tatu tu nje ya fewei. Tuliutafuta watu wanne. Ulipopatikana ulikuwa umekaa chini kabisa, majani yameufunika kama kuku aliyeatamia yai, yameloa, mazito. Nilichukua weji nikapiga kwa nguvu zangu zote. Majani yakaizungukia shingo ya fimbo, ikanigeuka mkononi, mpira ukaenda yadi ishirini. Hapo nikaelewa kwa nini 2002 wataalamu walikuwa wanalalamika.

Shimo la 15. Umevuka barabara kurudi, umechoka, na mbele yako pa 4 ya yadi 478, griini iko juu yako kama paa la ghorofa. Kutoka chini unaona nusu ya bendera. Nilipiga pigo la pili, likagonga kilima, likarudi mpaka miguuni pangu karibu. La tatu likaanguka banka. Nilitoka na mikwaju 7 na sina kinyongo nayo.

Nilimaliza na mikwaju 94. Handikapu yangu (kipimo cha uwezo, ikiwa ndogo ni bora) wakati ule ilikuwa 12.

---

Fikra_Pevu77

Sitaki kuharibu uzi mzuri, lakini niseme. Gofu inakula ardhi na maji. Huku kwetu watu wanagombania viwanja vya kujenga, na eneo la ekari mia na kitu wanacheza watu thelathini. Uzuri wa msitu unaousifia usingekuwepo bila hao thelathini?

---

Kedi_wa_Zamani

Mkuu, swali lako ni la haki na sitalikwepa, maana nimeliishi. Nilipokuwa kedi, nilikuwa nikitoka kwenye chumba kimoja tunacholala watu sita na kuingia kwenye ekari na ekari za majani yaliyokatwa. Mtoto anaona.

Lakini angalia Bethpage. Ni karibu ekari 1,500, na si gofu peke yake. Kuna njia za kutembea na za baiskeli ndani ya msitu ule ule, kuna uwanja wa polo, kuna sehemu za familia kukaa na chakula chao. Pale ilikuwa shamba la tajiri mmoja wa reli, Benjamin Yoakum, na kabla ya jimbo kuichukua miaka ya thelathini ilikuwa na klabu ya watu binafsi. Jimbo lingeweza kukata viwanja vya nyumba, Long Island nzima imekatwa hivyo. Badala yake lango likafunguliwa kwa kila mtu. Na viwanja vyote vitano vinajaa tangu alfajiri mpaka jua linazama. Shida haijawahi kuwa majani, mkuu. Shida ni funguo ziko kwa nani. Uwanja ule ule wa watu thelathini ukiwa wa watu wote, hesabu yako ya ekari inabadilika.

Maji na dawa za majani, hapo nakubaliana nawe, kila uwanja unapaswa kuulizwa.

---

Fikra_Pevu77

Nimekuelewa. Hilo la funguo nalichukua.

---

Pwagu_Mtwapa

Nairobi tuna kitu kinachokaribia. Golf Park pale uwanja wa mbio za farasi, Ngong Road. Ni wa umma, unalipa unacheza, na msitu wa Ngong Road uko jirani. Mimi nilijifunzia pale, fimbo za kukodi. Hauko sawa na Bethpage kwa ugumu wala umaarufu, ila Jumamosi utakuta boda, wakili na mwanafunzi wa chuo kwenye tii moja. Klabu kubwa za Nairobi ni nzuri, Royal Nairobi ipo tangu 1906, lakini mimi gofu nililipata Golf Park.

---

Kedi_wa_Zamani

Asante sana ndugu yangu kwa hii. Nikija likizo nitapita.

---

Mkongwe_Lugalo

Kwa upande wetu, Lugalo ni uwanja wa jeshi lakini raia tunacheza, na tumepokewa vizuri. Siku hizi makedi wengi wanapewa nafasi ya kufanya mazoezi kuliko zamani. Wachezaji wetu wengi wa kulipwa walianzia kwenye kubeba begi, hilo linajulikana. Kijana, kile kisa chako cha Jumatatu kimenigusa. Enzi zangu nilikuwa mwanachama. Niliwaona watoto wakifukuzwa, na sikusema kitu.

---

Kedi_wa_Zamani

Mzee wangu, asante kwa kuandika hivyo. Nimeisoma mara mbili.

Kuhusu Jumatatu kuna jambo nililisikia pale pale Bethpage, nikacheka na mwili ukanisisimka. Black hufungwa Jumatatu ili uwanja upumzike. Keegan Bradley, aliyekuwa nahodha wa Marekani kwenye Ryder Cup hii, alisoma St. John's, chuo kilichoko Queens. Ameeleza mwenyewe kwamba yeye na wenzake wa timu ya chuo walikuwa wakiingia kucheza Jumatatu uwanja umefungwa, kwenye yale mashimo ya ng'ambo ya barabara ambako aliye kwenye jengo kuu hawaoni. Nahodha wa Marekani! Jumatatu! Sisi siku tusizoruhusiwa tulikuwa tukiiba shimo la 3 mpaka la 6 kwa sababu hiyo hiyo, ofisi haikuwa ikiyaona.

---

Binti_Usa_River

Kaka mimi niko New Jersey sasa, jina la humu ni la zamani. Handikapu 26, nimeanza miaka miwili iliyopita. Nianzie wapi pale? Na bila gari nafikaje?

---

Kedi_wa_Zamani

Dada usianze na Black. Si kwa sababu ya bango, ila mashimo 18 kwa miguu ukiwa unatafuta mpira kwenye ile rafu yatakuchosha mpaka usione uzuri. Green ndio mkongwe kuliko wote, ni wa tangu enzi za ile klabu ya zamani, 1923, mfupi na mtulivu. Yellow ni mpole pia. Ukishaizoea hiyo miwili nenda Red. Jihadhari tu na shimo lake la kwanza, pa 4 ndefu inayopanda, linaanza na wewe kabla hujaamka.

Bila gari: panda treni ya Long Island Rail Road kutoka Penn Station, shuka Farmingdale, safari ni kama saa moja. Kutoka stesheni ni teksi ya dakika chache. Nenda siku ya kazi, mwezi wa tano au wa kumi. Oktoba mialoni inageuka rangi ya kutu, utanikumbuka. Chukua mipira ya zamani, jozi mbili za viatu, na maji mengi kuliko unavyodhani.

---

Binti_Usa_River

Wapendwa, narudi kwenye uzi. Nimecheza Green leo, Jumatano. Nilipangwa na wazee watatu wastaafu, mmoja alikuwa zimamoto. Sitaandika mikwaju yangu hapa, ila nilipata pa moja, shimo la pa 3, na yule mzimamoto alinipa mkono kana kwamba nimeshinda kombe.

Nilipomaliza nikaenda kwenye tii ya kwanza ya Black. Bango nimeliona. Nikakaa pale kwenye uzio kama nusu saa nikitazama watu wanavyoanza. Alikuja mama mmoja peke yake, mtu mzima, nywele nyeupe, begi lake mgongoni mwenyewe. Akasoma bango, akapiga mpira katikati kabisa ya fewei, akatembea.

---

Kedi_wa_Zamani

Dada! Pa kwenye Green mara ya kwanza! Niambie ni shimo la ngapi, nikalitazame kwenye kadi yangu kama mimi nimewahi.